Saa za Kengele Zilizokwenda Posa

Nyumbani kwetu, upande wa Tabora, baba alikuwa na jogoo mwekundu aliyewika mchana. Alfajiri wenzake wakiwika yeye alikuwa amelala, jicho kalifumba kabisa. Jua likishapanda na watu wameinama shambani, ndipo anaruka juu ya kihenge cha nafaka anawika kama aliyepokea habari muda ule ule. Majirani walimwambia baba, "Huyo mchinje, ni mchuro, ataleta mkosi." Baba alikuwa mtu wa kusikiliza kila ushauri na kutoufuata hata mmoja. Akasema, "Subirini."

Ikaja kuonekana jogoo yule hakosei. Kivuli cha kihenge kikigusa kizingiti, yeye huyo, anawika. Mama akaanza kumtumia. Anabandika maharage motoni, anakwenda kisimani kupiga soga, hana wasiwasi wowote. Jogoo akiwika, anarudi anaepua. Jirani naye akafanya hivyo hivyo, na jirani wa jirani, mpaka nusu ya kijiji ikawa inaepua kwa jogoo wetu. Halafu kicheche akamla. Wiki ile maharage yaliungua nyumba hadi nyumba, na watu waliokuwa wanataka achinjwe ndio waliomlilia kuliko sisi. Nilikuwa mdogo, lakini nadhani hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokielewa sawasawa duniani: mtu anaweza kuiacha kazi yake ikae, akaenda zake, mradi kuna kitu kitakachomwita.

Shule sikuielewa namna hiyo. Darasa la kwanza nilimaliza, la pili nilikuwa naingia na kutoka kama mbuzi. Haya mnayosoma nimeyaandika mwenyewe, pole pole, kwa kalamu ya risasi. Mjukuu wangu wa kike akayapiga kwenye mashine. Akisema nimekosea mahali, basi hapo ndipo panaponipendeza na nimemwambia apaache.

Nilikuja Dar kwa gari moshi, kijana mwenye mabega. Mnyamwezi akifika Dar anatafuta mzigo; hakuna aliyeshangaa kuniona Kariakoo nasukuma mkokoteni. Siku hizo soko la zamani lilikuwa limebomolewa, lile kubwa la zege linajengwa, na wauzaji wamemwagika mitaa yote mpaka Msimbazi. Ilikuwa pia miaka ya foleni. Sukari ikisikika imefika, watu wanajipanga, na wasioweza kusimama wanaweka jiwe. Jiwe linasogea kwenye mstari badala yako, jirani analisukuma kwa mguu. Nilikuwa na jiwe langu, bapa, lenye mstari mweupe, nalijua kuliko ninavyomjua binamu yangu. Siku moja nimelikuta limetangulia mbele ya la balozi wa nyumba kumi. Balozi ananiangalia. Nikamwambia, "Ndugu Balozi, mimi sijui lolote, muulize jiwe."

Nimetoka njiani. Nataka kusema habari za fundi.

Lile duka la sukari lilipakana na kibaraza cha fundi saa mmoja, mzee Mshihiri, asili Uarabuni lakini mzaliwa wa hapa hapa, mnene, kioo cha kikuza-macho kimebanwa kwenye jicho moja tangu asubuhi hadi anapofunga. Watu walimletea saa zao za kengele, zile za mezani zenye miguu mitatu na masikio mawili juu, akazitengeneza, na wengine wasirudi kuzichukua. Zikajaa rafu nzima. Siku hiyo nipo kwenye foleni, mojawapo ikalia.

"Wee Mnyamwezi," akaniita, "una miguu?"

"Ninayo, Ami."

"Nyumba ya bluu, pale kona. Gonga dirisha, sema 'ndoo'. Urudi."

Nikaliachia jiwe nafasi yangu, nikaenda. Nikagonga. "Ndoo!" Sijamaliza kufumba mdomo, wanawake wakatoka kama nyuki waliochokozwa, ndoo, madebe, karai, mpaka sufuria ya wali. Kumbe maji ya bomba yalikuwa yanafika mtaa ule saa ile tu. Nikarudi nacheka peke yangu. Fundi akanipa chai na kipande cha chapati, akasema, "Kesho uje."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa miguu ya fundi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu anakuja asubuhi, anasema: saa fulani mtu fulani aambiwe kitu fulani. Fundi anachukua saa isiyo na kazi, anaitia ufunguo, anaelekeza mshale wa kengele, halafu anafunga kitu kwa uzi kwenye sikio la saa. Kizibo cha chupa, hiyo ni maji ya nyumba ya bluu. Ganda la mkate, huyo ni mama mmoja wa Kilimanjaro mwenye duka la jumla upande wa pili wa barabara. Alikuwa anaoka mikate nyuma ya duka, na wateja wakimzonga mbele anaisahau. Tiketi ya basi, dereva wa zamu ya jioni anayelala mchana. Kitufe, balozi wa nyumba kumi. Balozi alikuja kwanza kwa ukali kuuliza, "Ndugu, shughuli hii umeiombea ruhusa kwa nani?" Fundi akamkaribisha kahawa. Alipoondoka alikuwa ameacha kitufe cha shati lake, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusinzia na redio ikiwaka, na mikutano inampita.

Saa ikilia, fundi anakata uzi, ananipa kile kitu. Wala sihitaji kuambiwa nani na nini. Nakwenda nacho mkononi, namwonyesha mwenyewe, ananielewa. Kama shughuli ni ya kila siku, saa inatiwa ufunguo upya hapo hapo, kabla sijageuka.

Na masharti yalikuwepo. Nenda, sema, rudi. Usikae. Ukikaribishwa chai, shukuru ukiwa unatembea. Kwa sababu wewe ukikaa kwa watu, kengele nyingine inalia kibarazani, na haina miguu. Siku moja nilimkuta bibi mmoja hawezi kuinua ndoo yake, nikaanza kumchotea. Niliporudi fundi kanuna. "Mwanangu, wewe ni wa kuita. Kuchota kuna wachotaji. Mwite mwenye nafasi, umwachie, urudi." Na jambo jingine: yeye hakumwahidi mtu dakika. Alisema, "Mimi nakuahidi hutaitwa mapema. Kuchelewa kidogo ni kwa Mungu na kwa miguu ya Mnyamwezi."

Huyu mjukuu wangu anayepiga haya maneno kazi yake ni kompyuta. Hatengenezi michezo wala picha. Anasema yeye anashughulika na ndani kabisa, kiini kinachoziendesha kazi nyingine zote. Juzi nilikuwa namsimulia habari za kibaraza, akaacha kula. "Babu, hiyo ndiyo kazi yangu!" Anasema huko ndani, kazi isiyo ya sasa inaachwa kwa kipima muda: ikifika saa hii, iite kazi hii, uipe na kitu hiki. Saa ikifika kiini kinaiita. Na kazi iliyoitwa hivyo hairuhusiwi kulala wala kumsubiri mtu. Ikiwa ndefu inakabidhiwa wengine. Nikamuuliza, "Na chapati mnawapa?" Akasema hapana. Nikasema basi bado hamjafika.

Nilimsimulia na kosa letu kubwa, akacheka mpaka akatoka nje. Kulikuwa na kuli wa bandarini tuliyekuwa tukimwamsha kila asubuhi. Alama yake kipande cha kamba. Akahama chumba bila kutuaga. Saa yake fundi alikuwa anaitia ufunguo kila siku, ikalia kama kawaida, nami nikaenda na kamba yangu nikapiga dirisha kwa ngumi: "Amka, baba! Inuka! Wenzako wamekwishaanza!" Ndani kitanda kikalia. Kisha sauti ya kiume, ya mtu anayetaka kulia: "Wenzangu gani?" Alikuwa mpangaji mpya, bwana harusi. Amehamia na mkewe, wamo kwenye fungate, na somo wa bibi harusi, kungwi wake, amelala mlangoni. Huyo somo alinifukuza kwa mchi mpaka Msimbazi, na njia nzima nilikuwa nimeshika kamba, watu wakadhani nimeiba mbuzi. Tangu siku hiyo fundi akaweka sharti jipya: anayehama aje kwanza kibarazani, asubiri saa yake izimwe mbele ya macho yake na alama yake aondoke nayo mwenyewe. Mjukuu anasema hata huko kwao kosa hilo, la kumwita aliyekwishahama, ndilo linaloua mitambo.

Sasa nifike Feri, soko la samaki pale Kivukoni.

Fundi alipenda samaki wa kukaanga wa Feri, tena wa mwanamke mmoja tu. Ilikuwepo saa ya hilo, imefungwa mwiba wa samaki, inalia karibu na adhuhuri, nami nakwenda mpaka Kivukoni na kurudi. Mwanamke mwenyewe Mzaramo, mweusi wa kung'aa, anageuza samaki kwa mwiko mrefu bila kuwatazama. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo hakunihurumia hata siku ya kwanza.

"Mtani, leo umekuja mwenyewe au umeletwa na kengele?"

"Nimeletwa na njaa ya mzee."

"Kaa basi, kuna chai."

"Siwezi kukaa, dada. Kengele."

"Dada yako nani? Ukoo tumeupatia wapi? Wewe utaniita dada siku nitakayokuja kukuzika, nikuvue na hayo makubadhi."

Nikawa naisubiri ile saa ya mwiba kuliko chakula. Kuna siku nilikuwa nimekwishasimama kabla haijalia. Fundi aliona, akawa anaagiza samaki hata siku aliyofunga.

Nilipotaka kutuma mtu kwa mjomba wake, yeye alikuwa na habari kabla yangu. Feri haina siri. Akauweka mwiko chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Nasikia unataka kuposa."

"Nani kakwambia?"

"Samaki. Sikiliza, mtani, sasa sifanyi utani. Mimi nilishaolewa, na baharia. Mtu mzuri. Lakini kila akiitwa anakwenda. Chakula kipo mezani, kaitwa, kaenda. Mara ya mwisho akaitwa, akaenda, akaoa hukohuko. Simtaki tena mwanamume wa kuitwaitwa. Ijumaa baada ya swala mjomba atakuwepo hapa. Utakaa mkekani, utapewa chai. Ukiinuka kikombe hakijaisha, na mimi nimeinuka."

"Ukubwa gani kikombe?"

"Utakiona."

Nilirudi Kariakoo. Sikuwa na ndugu mjini, na posa bila mshenga haiendi. Wa kumwendea alikuwa mmoja. Fundi akatoa kile kikuza-macho, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba macho yake yote mawili yanalingana.

"Nitakwenda," akasema. "Nitakuwa baba yako siku hiyo. Lakini hizi?" Akaonyesha rafu.

"Zizime, Ami, siku moja tu."

"Nizizime kwa idhini ya nani? Watu wameziachia kazi zao, wamekwenda zao. Sijui hata walipo niwaambie leo hakuna. Mwanangu, humo ndani mna mikate ya watu."

Basi Ijumaa ile, baada ya swala, saa zote zenye kazi ziliingia kwenye kikapu cha ukili, zikafunikwa kanga. Fundi alikuwa amezirudisha nyuma kengele zake kidogo, zilie mapema, kwa ajili ya umbali wa Kivukoni. Lakini fundi mwenyewe hakuwa mtu wa kutembea. Kwa hiyo nilimpakia kwenye mkokoteni wangu, kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono, kikapu mapajani, nikamsukuma kutoka Msimbazi. Yule mama wa Kilimanjaro alitoka dukani na unga mikononi. "Yesu wangu! Mnampeleka wapi mzee?"

"Posa!" fundi akajibu.

"Na mikate yangu?"

"Imo!" Akapiga kikapu.

Njia nzima watu walitushangilia. Mmoja akapiga kelele, "Mnyamwezi, hiyo mahari au mshenga?" Tulipokaribia Feri wavuvi wakauliza kama tunampeleka mnadani, na wapo waliopanga bei. Fundi alikuwa anacheka mpaka saa zinagongana.

Mjomba alikuwa mvuvi mzee aliyeacha bahari kwa ajili ya mgongo. Mgongo ulipona, bahari hakurudi, na siku nzima alikuwa anakaa nyuma ya vibanda vya wakaangaji akiwatazama watu wenye shughuli. Tukaketi mkekani. Pembeni wapwa zake kama wanne, wavuvi vijana, wamekuja kuangalia tamasha. Chai ikaletwa. Kikombe cha bati, cha kuogeshea mtoto, kimejaa mpaka ukingoni, tangawizi inatoka moshi, bati lenyewe linaunguza mdomo kabla chai haijafika. Mwanamke akarudi motoni kwake akageuza samaki, lakini leo macho hayakuwa kwa wateja, yalikuwa mkekani.

Mjomba alikuwa msemaji wa pole pole. Alimuuliza fundi habari za Kariakoo, akasubiri. Habari za afya, akasubiri. Nami napuliza chai. Ndipo kikapu kikalia.

Wallahi magoti yangu yaliinuka yenyewe. Sikuyatuma. Nilikuwa nimekwishafika nusu ya kusimama nilipoona mwiko umesimama hewani. Nikajifanya natengeneza msuli kiunoni, nikaketi.

"Ni nini hicho?" mjomba akauliza.

Fundi hakuwa mtu wa uongo. "Ni mkate, ndugu yangu."

"Mkate unalia?"

"Wa mama mmoja pale Msimbazi. Unataka kuepuliwa."

"Na anayekwenda kumwambia nani?"

Fundi akanitazama. Wapwa wakanitazama. Mjomba naye. Mwanamke ndiye peke yake aliyekuwa anatazama samaki, na samaki anaungua.

"Mimi nakunywa chai," nikasema.

Wapwa wakapasua kicheko. Lakini kengele inalia, na fundi jasho limemtoka, siyo la posa yangu, la mkate. Ndipo nikakumbuka maneno yake mwenyewe. "Ami, kuita kuna waitaji. Mpe mwenye nafasi." Nikamgeukia mpwa aliyekuwa amejilaza juu ya baiskeli. "Shemeji, baiskeli yako inakwenda au ni ya kulalia?"

"Shemeji yako tangu lini?" akasema, lakini akasimama. Fundi akakata uzi, akampa ganda la mkate. "Duka la jumla, mbele ya kibaraza cha saa. Usiseme kitu, mwonyeshe." Akaruka akaenda.

Nikapiga funda. Ikalia tiketi ya basi. Mpwa wa pili akaichukua. Ikalia kitufe, mpwa wa tatu akauliza, "Huyu balozi akinikamata?" "Hakukamati, kalala." Zikalia mbili kwa pamoja, mpwa wa nne akachukua zote mbili, akaenda upande usio wake, akarudi akielekezwa na Feri nzima. Mpwa wa kwanza akarudi kwa baiskeli, mdomo umejaa. Yule mama kampa mkate wa moto. Sasa kila anayerudi anataka kengele nyingine. Wavuvi wengine wakasogea, mmoja anauliza kama hakuna ya kwake humo. Posa imesahaulika. Mimi tu ndiye niliyekuwa nafanya kazi ya posa, naipuliza, naimeza, napuliza, nameza, ulimi umekufa ganzi.

Kikalia kizibo. Wapwa watatu wako njiani, wa kwanza kaacha baiskeli kaenda kuwagawia wavuvi mkate. Fundi akakata uzi, akashika kizibo mkononi, hana wa kumpa. Mjomba akanyoosha mkono.

"Huyu anaambiwa nini?"

"Nyumba ya bluu, kwenye kona, hatua chache kutoka kibarazani. Unagonga dirisha, unasema 'ndoo'."

"Neno moja tu?"

"Moja tu."

"Hilo naliweza." Akasimama, mgongo wima kabisa, akapanda baiskeli ya mpwa.

Fundi akaingiwa na hofu. "Ndugu yangu, na jibu la posa?"

"Jibu analo mwenye kikombe," mjomba akasema, na akatuacha mkekani.

Tukabaki watatu na kikapu. Nikainamisha kile kikombe. Kilikuwa kimebaki kama kiganja kimoja, cha majani na tangawizi, kikali kama dawa. Nikakimaliza. Nikakiweka chini. Sikuinuka.

Akaja, akajifuta mikono kwenye kanga, akakiokota. Akakipindua juu chini, akakitikisa. Jani moja likadondoka mkekani. Akalitazama jani, akanitazama mimi, akajitahidi kununa akashindwa.

"Mtani kanywa," akamwambia fundi. "Haya, sasa inuka. Samaki wangu umewaunguza wote, twende mnadani tukachukue wengine."

Mjomba alirejea, wapwa nyuma yake, tukiwa ndio tunamaliza kuzima moto na kufunga mkeka. Hajateremka vizuri kwenye baiskeli anapiga kelele: "Wametoka wote! Nimesema ndoo, wametoka kama dagaa! Mmoja ana sufuria ya wali!" Akaketi karibu na fundi, bega kwa bega, akaifunua kanga mwenyewe kuona saa zilizobaki. "Hii ya mwiba ni ya nani? Na kesho inalia saa ngapi? Una mtu wa kesho?"

Fundi akanitazama. Nami nilikuwa nimeshika kikapu kitupu cha samaki kwa mkono mmoja, na mwanamke keshatangulia, hageuki, anajua nakuja. Nikampa fundi mkono wangu wa kulia, akaushika kwa mikono yake yote miwili, mikono laini ya mtu wa vyuma vidogo. "Mkokoteni wako?" akauliza. Nikamwambia wapwa watamsukuma, nao wakaanza kugombania nani asukume.

Kikapu cha saa kikalia tena. Mjomba akaruka. Mimi nikaenda zangu upande wa mnadani, na kwenye kibaraza kile sikurudi tena kuwa miguu.